Kitanda cha Bibi Hakigeuzwi

Bishnupur,
14 Septemba 1997

Kwa mwanangu Shubhendu,

Pokea baraka zangu, za Mama yako Mkubwa Purnima, na za Bibi yako. Sisi huku tunaendelea kwa kadiri mvua inavyoturuhusu. Ukuta wa bwawa umebomoka upande wa mianzi, na nimekwisha kuwasilisha malalamiko katika Ofisi ya Wilaya kwa lugha ambayo karani mwenyewe alikiri hajapata kuiona mezani pake. Mama yako Mkubwa anasumbuliwa na goti. Bibi yako aliteleza kwenye ngazi za bwawa mwezi Juni, akavunjika nyonga. Daktari amesema hataketi tena. Anakula, anazungumza, na anagombeza kama ilivyo desturi yake. Naomba suala hilo lisiongezewe neno.

Baada ya salamu hizo, naingia katika shabaha ya barua hii.

Kaseti uliyotuma imefika. Nimeisikiliza yote, kwa kuwa sina tabia ya kuhukumu kesi kabla ya kusikia ushahidi. Upande wa kwanza unachukua nusu saa kusema jambo ambalo marehemu baba yangu, Babu yako Tarapada, angelisema kwa pumzi moja. Upande wa pili unaomba radhi kwa upande wa kwanza. Imeandikwa juu ya jalada kwamba muziki huu ni wa kutuliza nafsi. Nafsi ya nani? Yangu haikutulia.

Kuhusu lile dude ulilolilaza mapajani na kulisugua kwa kipande cha chuma, sitalitaja kwa jina katika barua inayobeba anwani ya nyumba hii. Nyumba hii imefundisha watu kuimba tangu zama za wafalme. Ulipewa sauti, ukaiacha. Ulipewa nafasi ya kuketi nyuma yangu na kushika tanpura, zile nyuzi nne zinazomshikia mwimbaji sauti ya msingi, kazi ambayo mimi niliifanya nyuma ya baba yangu hadi ndevu zikaniota, ukaondoka ukiwa hujajua hata kukaa kimya ipasavyo. Ukaenda Rishikesh kununua ala ya vijana wa sinema.

Lakini kilichonilazimu kushika kalamu ni picha iliyo ndani ya jalada. Wasikilizaji wako wamelala chali juu ya mikeka kama watu waliookotwa katika mafuriko, na nyayo zao zimekuelekea wewe. Nyayo, Shubhendu! Zimeielekea ala, na kwa hiyo zimemwelekea Mungu wa kike Saraswati, mwenye sauti zote. Katika nyumba hii hata mtoto wa miaka miwili hanyooshi mguu kuelekea chumba cha muziki. Na chini ya picha hiyo umeandikwa kuwa wewe ni mjukuu wa Tarapada Lahiri wa Bishnupur.

Nakutaka uondoe jina la Babu yako katika bidhaa hiyo. Aidha, nakutaka unijibu swali moja bila kuzunguka: je, umewapigia watu hao wa kulala ule wimbo wa alasiri wa Babu yako, ambao alituapisha usitoke nje ya nyumba hii?

Wako katika wajibu,
Baba yako Mkubwa,
Nirapada Lahiri


Rishikesh,
2 Oktoba 1997

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu yako, ya Mama Mkubwa na ya Bibi. Mimi ni mzima. Bado napanga chumba juu ya duka la peremende, na kila asubuhi naamshwa na harufu ya maziwa yanayochemka. Bisi za mchele alizonitumia Mama Mkubwa zilifika zimelowa. Nilizianika kwenye paa, nyani wakala nusu. Wanasema zilikuwa nzuri.

Habari ya nyonga ya Bibi imeniuma. Umeandika nisiongeze neno, basi nitaongeza swali tu, huko chini.

Kuhusu watu wangu wa kulala: ni kweli wanalala. Hulipa ili walale. Lakini nakumbuka vizuri mikusanyiko ya kumbukumbu ya Babu, pale sebuleni kwetu, yule wakili wa mahakamani akiwa mstari wa mbele, ameketi wima, miguu ameikunja kwa adabu zote, na anakoroma kuanzia mwanzo wa wimbo hadi chai. Hukuwahi kumwandikia barua. Tofauti kati ya wasikilizaji wako na wangu ni kwamba wangu hawajifanyi wako macho.

Kuhusu nyayo ulikuwa na haki, na nimeona aibu. Sikuwaza. Siku niliyopata barua yako niligeuza mikeka yote. Sasa wanalala vichwa vikiwa upande wangu, na mwenye kituo hiki cha kutuliza nafsi ninakopiga ananilalamikia kwamba wageni hawanioni uso. Nimemwambia kwamba hawakuja kuoa.

Jina la Babu nitaliondoa toleo lijalo. Aliliweka mwenye kituo, na mimi nilinyamaza. Kunyamaza huko ni kosa langu.

Sasa swali. Tangu nilipokuwa mtoto, kila siku saa tisa alasiri, Babu aliimba ule wimbo wake katika sauti za alasiri za raga ya Bhimpalasi, na Bibi aliacha kazi zote akaketi kizingitini na kijaluba chake cha tambuu. Babu alipofariki ukaendelea wewe, na Bibi akaendelea kuketi palepale. Sasa hawezi kuketi. Nani anamwimbia saa tisa?

Mwanao,
Shubhendu


Bishnupur,
25 Oktoba 1997

Kwa mwanangu Shubhendu,

Salamu za sikukuu. Mungu wa kike Durga amekuja na amekwenda, na vipaza sauti vya mtaa wetu vimetuachia uziwi wa wiki nzima. Kuhusu ukuta wa bwawa, Ofisi ya Wilaya imenijibu kwa kosa la tahajia katika jina langu. Nimewarudishia barua yao ikiwa imesahihishwa.

Barua yako nimeipokea na yaliyomo nimeyazingatia. Wakili unayemtaja alikuwa amefumba macho kwa kuzamia sauti. Koo lake lilikuwa na maradhi, jambo ambalo mtu mwenye malezi hulisitiri.

Swali langu hukulijibu. Nimeona. Ulipogeuza mikeka ulidhani nitakupongeza, lakini mtu hapongezwi kwa kuacha kutema mate hekaluni. Hata hivyo nimeliandika hapa ili isije ikasemwa kwamba silitambui jambo lililorekebishwa.

Chumba cha muziki kimefungwa kwa muda kwa sababu ya unyevu.

Sina budi kukuarifu pia kwamba Mama yako Mkubwa, bila idhini, aliiweka kaseti yako katika redio wakati akimpa Bibi yako uji. Nilikuwa barazani na niliyasikia haya kwa masikio yangu.

"Nani huyo analia?" Bibi yako akauliza.

"Ni Khoka," akajibu Mama yako Mkubwa, maana hadi leo hawa wawili wanakuita kwa jina la utotoni.

"Mbona analia hivyo, huko hawampi chakula?"

"Siyo yeye, Mama. Ni kile chombo chake."

"Basi chombo chake kimefiwa. Kiache kilie, kinalia vizuri. Na wewe usinijaze uji mdomoni, nasikiliza."

Niliingia nikaizima. Mtu asiye na nguvu ya kuketi hana nguvu ya kuchagua, na nisingependa mama yangu azoeshwe vitu vya chini kwa sababu tu havimtaki ainuke.

Wako katika wajibu,
Nirapada Lahiri


Rishikesh,
11 Novemba 1997

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu ya wazee wangu wote watatu. Baridi imeanza kushuka kutoka milimani. Nina afya, nina blanketi, na mwenye kituo ameniongezea alasiri mbili kwa juma.

Chumba cha muziki hakina unyevu. Nimelala humo utoto wangu wote, na ni kikavu kuliko barua zako. Nimekaa siku kadhaa nikijiuliza kwa nini kifungwe, hadi nikakichora chumba cha Bibi kichwani mwangu. Mlango wa chumba cha muziki uko ukuta wa kaskazini. Kitanda cha Bibi kinamlaza kichwa kusini, miguu kaskazini, kama inavyompasa mtu aliye hai. Kwa hiyo nyayo zake zinautazama mlango wa muziki usiku na mchana. Ukiufungua na kuimba, mama yako atakuwa amemnyoshea Saraswati miguu. Ukigeuza kitanda, atakuwa amelazwa kichwa kaskazini, na hivyo hulazwa mtu mara moja tu, siku ambayo haamki. Hilo huwezi kulifanya, wala mimi nisingeweza.

Na Babu aliagiza tanpura yake isitoke chumba kile. Na wimbo ule hauimbwi bila tanpura.

Ndiyo maana umefunga. Umejifungia kwa kufuli lako mwenyewe, funguo zote zikiwa ndani, na Bibi hajasikia wimbo wake tangu Juni. Miezi mitano. Ungeweza kuniambia. Badala yake ukaniandikia juu ya unyevu.

Sasa nisikilize, ukishamaliza kunidharau, kwa maana najua unaanza na hilo. Gitaa hulazwa mapajani. Nimelifunga nyuzi za pembeni ambazo hushika sauti ya msingi na kuirudia bila kukoma, kama tanpura. Kile chuma unachokicheka kinateleza juu ya uzi bila kukata, hivyo sauti hupanda na kushuka kama koo la mtu. Halihitaji chumba. Naweza kuketi popote, upande wa kichwa cha Bibi, na hakuna mguu utakaokosea adabu.

Miaka yote ulinifundisha kwamba msikilizaji lazima aketi. Bibi hawezi kuketi. Je, amekoma kuwa msikilizaji? Mimi riziki yangu ni kuwapigia watu waliolala. Ndiyo kazi unayoitemea mate, na ndiyo kazi pekee ambayo nyumba yako inaihitaji mwaka huu.

Nipe ruhusa nije nimpigie Bibi wimbo wa Babu kabla hajatuacha. Siombi kitu kingine.

Mwanao,
Shubhendu


Bishnupur,
6 Januari 1998

Kwa Shubhendu,

Salamu za mwaka mpya. Nimechelewa kujibu kutokana na shughuli za ukuta wa bwawa, ambazo zimenifikisha hadi kwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Bibi yako anaendelea.

Ombi lako limekataliwa. Sababu ni kama ifuatavyo. Wimbo huo uliwekwa katika koo la binadamu na ukabaki humo kwa vizazi. Haukuwekwa katika sanduku la mbao lenye tundu. Nyuzi zako za pembeni, unazozisifu kama mwuza sabuni, ni tanpura kwa namna ile ile ambayo kasuku ni mkalimani. Wala sikuhitaji mtu aliyeikimbia nyumba aje kunichorea ramani yake.

Umeandika "popote". Nami nakupa jibu linalolingana na neno hilo. Dude hilo likivuka kizingiti changu, mahali pake ni jikoni, miongoni mwa masufuria na miiko, ambako huenda likapata kazi inayolingana na umbo lake. Hayo ndiyo maamuzi yangu.

Nirapada Lahiri

Khoka, mimi Mama yako Mkubwa nakuandikia hapa chini. Kanipa barua niipeleke posta, nimeifungua kwa mvuke wa birika. Usimwambie. Bibi hali wali tena, anakunywa maji ya wali tu, na kijiko chenyewe ni kwa kubembelezwa. Barua zako zote namsomea mimi, na za Baba yako Mkubwa pia. Hii nilipomsomea alicheka hadi nikaogopa.

"Jikoni?" kasema. "Jiko gani?"

Nikamwambia hakusema.

"Jiko la samaki ni lako wewe, huko uani. Hili la ukutani nyuma ya kichwa changu ni langu. Tangu nifiwe na mume, hakuna samaki, hakuna kitunguu, na hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia nani aingie humo. Nira amesema jikoni?"

"Amesema, Mama. Kaandika kwa wino."

"Basi huyo mtoto wangu mkubwa kasema jambo la maana mara moja katika maisha yake. Mwandikie Khoka aje. Aoge, aingie."

Kile kidirisha cha kupitishia sahani bado kipo, Khoka, kinatazama mto wake. Usikawie.


Rishikesh,
20 Januari 1998

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu yako, ya Mama Mkubwa na ya Bibi.

Barua yako ya tarehe 6 Januari nimeipokea na yaliyomo nimeyazingatia. Katika aya ya mwisho umeamua, kwa wino na sahihi yako, kwamba chombo changu kikivuka kizingiti mahali pake ni jikoni. Naukubali uamuzi huo bila pingamizi. Kwa kuwa nyumba ina majiko mawili, na la uani lina samaki, naelewa kuwa ulikusudia lile la Bibi, lililo kusini mwa kitanda chake.

Nitafika kwa gari moshi tarehe 12 Februari asubuhi. Nitaoga bwawani kabla ya kuingia, ikiwa ukuta utakuwa umesimama.

Mwanao mtiifu,
Shubhendu


Bishnupur,
31 Januari 1998

Kwa Shubhendu,

Salamu. Bwawa lina maji ya kutosha kukuogesha wewe, lakini kuutakasa ujanja wako kunahitaji mto mkubwa zaidi.

Umeshika maneno yangu kama tarishi wa mahakamani anavyoshika koti la mtu mlangoni. Ningeweza kuyafuta. Hata hivyo, katika umri wangu wote sijapata kuandika jambo kwa sahihi yangu kisha nikalikana, na sitaanza kwa ajili ya mpiga kelele wa Rishikesh. Aidha, mwenye jiko amenieleza msimamo wake kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani.

Masharti ni haya. Utaoga. Utavaa nguo iliyofuliwa siku hiyo. Hutakuwa umeonja kitunguu wala samaki tangu jana yake. Na zaidi ya yote: nimefanya uchunguzi kwa mwuza ala wa hapa mjini, naye amenihakikishia kwamba kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi katika madude hayo ni mfupa, na mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe. Jiko la mjane halijaona hata gamba la samaki, na wewe ungeingia humo na mfupa wa ng'ombe ukiwa umeupakata! Uondoe au usije.

Tanpura ya baba yangu haitatoka chumbani. Na mimi sitakuwapo. Tarehe 12 Februari nimeitwa Ofisi ya Wilaya kuhusu ukuta.

Nirapada Lahiri


Rishikesh,
3 Machi 1998

Baba Mkubwa,

Nagusa miguu yenu. Nilifika salama. Mama Mkubwa alinifungia mikate ya molasi ambayo haikuvuka kituo cha pili cha gari moshi. Goti lake nimelifikiria njia nzima. Mwambie ule mzizi niliomletea auchemshe kweli, asiuweke mtungini kama pambo.

Hatukusema lolote siku zile zote, wewe na mimi, isipokuwa juu ya maji ya kuoga na bei ya viazi. Kwa hiyo nakuandikia, maana katika nyumba yetu mambo husemwa kwa posta.

Mfupa niliuondoa kabla sijapanda gari moshi. Nimeweka kipande cha mpingo. Sauti imekuwa nzito kidogo, na naiona bora kuliko zamani, jambo ambalo litakukera.

Saa tisa niliketi chini, mgongo kwenye mtungi wa mchele, jivu likiwa limezolewa pembeni. Kupitia kidirisha niliona nywele nyeupe za Bibi na ncha ya sikio, basi. Nilijaribu nyuzi.

"Khoka," akasema bila kugeuka, "umekonda. Nasikia kwenye vidole."

"Nimeoga, Bibi."

"Nimenusa. Haya, lia."

Nikaanza polepole, kama ninavyowapigia wale wa kulala, bila ngoma. Nilitembea juu ya sauti za chini kwa muda mrefu. Ndipo nikauingia wimbo wa Babu. Mwezi Septemba uliniuliza kama nimewapigia wimbo huo watu wa Rishikesh, nami sikujibu kwa kuwa swali lenyewe lilinitukana. Jibu ni hapana. Mwenye kituo aliwahi kuusikia nikiuimba kwa sauti ya chini huku nikifua, akanitaka niuweke kwenye kaseti. Nilimwambia siufahamu. Alasiri ile jikoni ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuugusa kwa uzi.

Nilikuwa katika mstari wa pili niliposikia nyuma yangu nyuzi nne. Sikugeuka. Ulinifundisha kwamba anayeshika tanpura hatazamwi. Nilijua tu kwamba mtu ameketi nyuma yangu, mahali pa mwanafunzi, kati ya mtungi wa mchele na chupa za mafuta, na kwamba mkutano wa Ofisi ya Wilaya umekwisha mapema.

Ndipo Bibi akasema, "Nira, uzi wako wa pili umeshuka."

Nawe ukajibu, "Ndiyo, Mama," kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwako, na uzi ukapanda.

Sina swali lolote.

Mwanao,
Shubhendu


Bishnupur,
8 Aprili 1998

Kwa mwanangu Shubhendu,

Pokea baraka zangu na za Mama yako Mkubwa.

Sina budi kusahihisha barua yako ya tarehe 3 Machi kabla haijazoeleka kuwa kweli. Kwanza, mkutano wa Ofisi ya Wilaya uliahirishwa kutokana na uzembe wa karani, na ndiyo sababu pekee ya kuwapo kwangu. Pili, niliileta tanpura kwa kuwa zile nyuzi zako za pembeni zilikuwa zinaniaibisha mbele ya majirani. Tatu, mstari wa pili uliuingia kwa kuchelewa, na wa nne uliurembesha kama keki ya harusi. Babu yako angekurudisha mwanzo. Nne, uzi wangu wa pili haukuwa umeshuka kiasi kile.

Kuhusu agizo la marehemu kwamba tanpura isitoke chumbani: aliyeagiza alikuwa mume, na aliyeniamuru niitoe alikuwa mke. Aliniambia asubuhi ile, ukiwa bwawani. "Babu yake Khoka kafa, mimi sijafa. Ilete." Sikuona kifungu cha kumpinga.

Tangu uondoke nimekuwa nikiketi katika jiko hilo kila siku saa tisa na kuimba kupitia kidirisha, kwa kuwa njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na haikuwa busara kuifunga. Tanpura ya baba yangu sasa inanuka mafuta ya haradali. Buyu lake limeingia jivu ambalo halitoki kwa kitambaa. Hasara hiyo naiandika kwa jina lako.

Jana alasiri tuligeuza kitanda.

Mama yako Mkubwa alipiga simu kituoni kwako, akaambiwa umekwenda milimani na wageni wako wa kulala. Kwa hiyo naandika, na barua hii inakwenda kwa posta ya haraka. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu. Alikuwa amenikosoa katika wa kwanza.

Chumba cha muziki kiko wazi. Hakuna nyayo zinazokielekea tena. Leo saa tisa nimeketi humo kama ipasavyo, mbele ya picha ya baba yangu, nikanyoosha mgongo na kusafisha koo. Kisha Mama yako Mkubwa amenikuta jikoni, mgongo kwenye mtungi wa mchele, nikitazama kidirisha.

Ibada ya kumsindikiza ni tarehe 17. Utanyolewa nywele pamoja nami. Kuhusu jina la Babu yako kwenye jalada la kaseti, kama hujaliondoa, liache.

Jiko sasa halina wa kusema nani aingie. Nimechukua dhamana hiyo kwa muda, na uamuzi wangu wa tarehe 6 Januari unabaki kama ulivyoandikwa.

Oga. Njoo na gitaa.

Baba yako Mkubwa,
Nirapada